Kamari: Je, Mchezaji Aweza Kumshinda Mwenye Meza?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini baada ya sala ya Isha. Tunaichapisha kwa maombi ya wengi ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimfikie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.



Jambo tunalotaka kulizungumza usiku huu limetufika hapa msikitini petu, nasi wazee wa kamati tunayo sehemu ya lawama ndani yake. Kwa hiyo tunaomba mtusikilize kwanza kama watu wanaokiri kosa, kisha ndipo mtusikilize kama watu wanaotoa nasaha.

Mtakumbuka kwamba wakati tulipokuwa tukichangishana kununua tangi la maji ya kutawadhia, kijana mmoja, fundi cherehani, alisimama akatoa shilingi 200,000 kwa mkupuo mmoja. Tuliinua mikono sote tukamwombea baraka. Hatukumwuliza kitu. Wachache wetu tulikuwa tumekwisha kusikia ya kwamba kijana huyo alikuwa ameingia kasino mjini, akaweka shilingi 20,000 juu ya namba moja ya gurudumu liitwalo ruleti, na namba yake ikatoka, akalipwa shilingi 700,000. Tulisikia, tukanyamaza. Tangi lilikuwa linahitajika.

Miezi minne baadaye mkewe alikuja kwetu baada ya Alasiri, akakaa mkekani akasema: "Shikamooni wazee wangu. Vyerehani vyote viwili vimeuzwa. Fedha yangu ya upatu, shilingi 600,000, niliyompa aniwekee, nayo haipo. Nimekuja kuuliza, ile siku mlipopokea mkono wake, hakuna kati yenu aliyemwuliza ametoa wapi?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu.

KIJANA NA DAFTARI LAKE

Tulimwita kijana huyo, naye alikuja kwa adabu wala hakukana. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, kwa sharti jina lake lisitajwe. Lakini alipokuja alikuja na daftari, akatuambia: "Masheikh, najua dini imekataza. Lakini hii si bahati, mimi nina hesabu. Nikipata mtaji mdogo tu nitarudisha vyote, kisha nitatubu."

Basi tuliona kwamba kumsomea aya peke yake hakutoshi, kwa kuwa aya alizijua. Kilichomshika ni imani kwamba hesabu iko upande wake. Tukaketi naye jioni tatu, pamoja na ndugu yetu mmoja mwalimu wa hisabati, tukaifanya hesabu hiyo hadi mwisho. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza, maana wako wengi hapa ambao hawajaona mlango wa kasino lakini daftari kama lile wanalo mioyoni.

HESABU YA GURUDUMU

Gurudumu alilolicheza kijana wetu lina vishimo 37: namba 1 mpaka 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, na kimoja cha sifuri, chenye rangi ya kijani. Kigololo huzungushwa, nacho huangukia kishimo kimoja. Aliyeweka shilingi 1,000 juu ya namba iliyotoka hulipwa shilingi 35,000 na kurudishiwa 1,000 yake.

Sasa tuseme mtu ameweka shilingi 1,000 juu ya kila kishimo, vyote 37. Ametoa shilingi 37,000. Hapana budi mojawapo itoke, naye atapokea shilingi 36,000. Shilingi 1,000 imebaki mezani. Hapa hakuna wizi wala uchawi, na gurudumu halikuchezewa. Vishimo ni 37, na malipo ni kana kwamba vilikuwa 36. Tofauti hiyo ya kishimo kimoja ndiyo riziki ya mwenye meza: katika kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani yeye hubakiwa na shilingi 2 na senti 70. Na yako magurudumu, hasa kule Marekani, yenye sifuri mbili, ambapo sehemu yake hufika shilingi 5 na senti 26 katika kila 100.

Kijana alicheka aliposikia hivyo. Akasema, "Shilingi mbili na senti sabini katika mia? Muuza duka anapata zaidi ya hapo!"

Hapa ndipo penye mtego. Sehemu hiyo haikatwi mara moja katika fedha aliyokwenda nayo mtu. Hukatwa katika kila mzunguko. Mtu aliyeingia na shilingi 50,000 na kuweka 5,000 kila mara, kama gurudumu linazungushwa mara 40 kwa saa, kwa saa nne ameweka mara 160. Jumla ya alizoweka ni shilingi 800,000, kwa kuwa fedha ile ile huenda na kurudi. Na sehemu ya mwenye meza katika 800,000 ni zaidi ya shilingi 21,000. Yaani yule aliyedhani atakatwa chini ya shilingi tatu katika mia amekatwa zaidi ya 40 katika kila mia aliyoingia nayo mlangoni. Na hiyo ni kwa wastani, akijaliwa kutofilisika kabla ya saa nne kwisha.

Tukamwuliza swali lingine. Mtu ana shilingi 50,000, anataka ziwe 100,000, na anaweka shilingi 1,000 juu ya nyekundu kila mara, amekusudia asiondoke mpaka azipate au zimwishie. Je, katika watu 100 wa namna hiyo, wangapi watafaulu? Kijana alijibu, "Karibu nusu, maana nyekundu ni karibu nusu." Mwalimu akapiga hesabu mbele yetu. Jibu ni kama watu 6. Wengine 94 hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwani nyekundu ina vishimo 18, na vinavyomtoa mtu ni 19. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa mara mamia, humla mtu kama mchwa alavyo nguzo.

HESABU YA KUONGEZA MARA MBILI

Ndipo alipofungua daftari lake. Hila yake ilikuwa hii: weka 1,000 juu ya nyekundu, ukipoteza weka 2,000, ukipoteza tena weka 4,000, kisha 8,000, na kuendelea. Siku nyekundu itakapotoka utarudisha zote na kupata 1,000 juu. "Nyekundu haiwezi kukataa milele," akasema.

Hila hii ni kongwe. Tukaihesabu. Ukipoteza mara saba mfululizo umekwisha kutoa 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000, jumla shilingi 127,000. Ili uendelee yakupasa kuweka 128,000 nyingine, na yote hiyo kwa ajili ya kupata faida ya shilingi 1,000! Isitoshe, meza za kasino huwekewa kikomo cha juu, hivyo hata tajiri hawezi kuongeza bila mwisho.

Je, kupoteza mara saba mfululizo ni jambo la nadra? Hutokea takribani mara moja katika majaribio 106. Basi, katika majaribio 105 mtu huyu atapata shilingi 105,000, na katika moja lililobaki atapoteza 127,000. Amepungukiwa shilingi 22,000. Na kwa kuwa usiku mmoja wenye mizunguko 160 una majaribio kama hayo karibu 80, uwezekano wa balaa hilo kumfika usiku ule ule ni zaidi kidogo ya nusu.

Ama kauli yake kwamba nyekundu haiwezi kukataa, tulimsimulia yaliyotokea katika kasino ya Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913. Nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Kadiri ilivyozidi kutoka, ndivyo watu walivyozidi kumimina fedha juu ya nyekundu wakisema sasa zamu yake imefika, na ndivyo walivyoangamia. Gurudumu halina kumbukumbu. Halijui lililopita, wala halina deni kwa mtu. Mzunguko wa ishirini na saba ulikuwa na vishimo vile vile 37 kama wa kwanza.

Mwisho tukamwomba atuoneshe jumla. Daftari lilikuwa na ushindi wa shilingi 1,140,000, pamoja na ule usiku wa kwanza. Kupoteza hakukuandikwa hata ukurasa mmoja! Basi tukamwomba afungue simu yake, tukasoma ujumbe mmoja mmoja wa fedha alizotoa kwa ajili ya mchezo katika miezi ile minne. Zilifika shilingi 2,870,000. Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sikuwa nikijua." Nasi tuliamini kwamba kweli hakuwa akijua, kwa kuwa moyo huandika ushindi na kusahau hasara. Na mji nao hufanya vivyo hivyo: aliyeshinda hutangazwa kila kijiwe, na aliyepoteza hupita vichochoroni.

SI KASINO PEKE YAKE

Huenda wako wanaosema, "Sisi hatuendi kasino." Lakini ndugu zetu, meza ile sasa imeingia mifukoni. Iko kwenye simu, iko kwenye mashine za dubwi, iko kwenye mikeka ya mpira.

Chukueni mkeka. Tuseme mechi ina pande mbili zenye nguvu sawa, na kampuni inalipa 1.90 kwa kila upande. Haki ingekuwa 2.00. Pengo laonekana dogo. Lakini kijana hapendi mechi moja, hupanga kumi, kwa kuwa malipo huwa makubwa. Uwezekano wa kupatia zote kumi ni mara moja katika 1,024. Haki ya shilingi 1,000 yake ingekuwa shilingi 1,024,000, lakini atakalolipwa ni kama 613,000. Kumbe katika kila 100 ya haki yake, karibu 40 imebaki kwa kampuni. Mkeka ukirefuka, sehemu ya mwenye mchezo hunenepa.

Ama mashine, ndani yake mna kompyuta ambayo huchagua matokeo kwa namba za kubahatisha kila kitufe kinapobonyezwa. Ile dhana ya kwamba "imekula sana, sasa itatema" haina msingi wowote. Katika jimbo la Nevada huko Marekani, ambako kamari iliruhusiwa kisheria mwaka 1931, kanuni huitaka mashine irudishe kwa wachezaji si chini ya asilimia 75. Maana yake, hata chini ya macho ya serikali mashine yaweza kubakisha hadi robo ya kila kinachowekwa.

Wapo pia watakaosema kwamba wako watu waliowashinda wenye kasino kwa akili. Ni kweli, wamekuwako wachache. Mwaka 1962 mwalimu wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alichapa kitabu kuonesha kwamba katika karata ya ishirini na moja, mwenye kuzihesabu karata zilizokwisha kutoka aweza kupata nafasi kuliko mwenye meza. Je, wenye kasino walifanya nini? Walizidisha karata mezani, na waliotambuliwa kuwa wahesabuji wakaoneshwa mlango. Anayekaribishwa kuendelea ni yule anayepoteza.

Tena tazameni Monaco, nchi ndogo iliyo nyumbani kwa kasino hiyo ya Monte Carlo iliyofunguliwa mwaka 1863. Kasino ilileta utajiri mwingi hata mwaka 1869 wananchi wakasamehewa kodi ya mapato. Lakini wananchi hao hao wamekatazwa kucheza humo! Wageni na wacheze. Mwenye kupika chakula akiwazuia wanawe wasikionje, mgeni mwenye akili hujiuliza.

HUKUMU YA MWENYEZI MUNGU

Ndugu zetu, elimu hii ya kuhesabu bahati ilianza kukaa sawa huko Ulaya mwaka 1654, wataalamu wawili wa Ufaransa, Pascal na Fermat, walipoandikiana barua juu ya maswali ya kamari. Lakini zaidi ya miaka elfu moja kabla yao Kurani Tukufu ilikuwa imekwisha kulipima jambo hili.

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu hakusema kwamba kamari haina faida hata kidogo. Amekiri kwamba zimo faida kwa watu, kisha akabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko faida hizo. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakimchinja ngamia na kupigania mafungu yake kwa mishale ya kura, na nyama wakawapa maskini. Hiyo ilikuwa sura ya wema. Je, haifanani na sadaka ya tangi letu? Maskini alishiba siku moja, na desturi ikabaki kuharibu nyumba siku zote. Na neno lenyewe la Kiarabu, maysir, wanazuoni wengi wamelinasibisha na wepesi, yaani mali ya kupatikana pasipo jasho.

Kisha katika Sura Al-Maida, aya za 90 na 91, kamari imetajwa pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, ambaye kwa hivyo viwili ataka kutia uadui na chuki kati yetu na kutuzuia tusimkumbuke Mungu wala tusisali. Tazameni kama hayo hayakutimia kwa kijana wetu. Mke na mume hawakuwa wakisemezana. Na yeye mwenyewe alikiri kwamba katika miezi ile minne alikuwa akisimama safuni huku moyo wake ukizunguka na kigololo.

Husemwa pia, "Hata biashara ni kubahatisha." La hasha! Mvuvi huweza kukosa samaki, lakini akipata, yeye amepata fedha na mnunuzi amepata kitoweo, wote wawili wamefaidika. Katika upatu kila mmoja hupokea kile alichokitoa. Katika kamari hakuna kilichozalishwa. Anachopata mmoja ndicho walichopoteza wengine, baada ya mwenye meza kukata chake. Zile 700,000 zilizomfurahisha kijana wetu zilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Wala tusijifiche nyuma ya leseni. Serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003 na kuweka Bodi ya kuisimamia, na walio chini ya miaka 18 wamekatazwa kucheza. Kazi ya sheria ni kuweka taratibu kwa watu wa dini zote. Mwislamu anayo sheria nyingine juu ya hiyo.

TULIYOYAAMUA

Kwanza, sisi wazee tumetubu kwa kunyamaza kwetu. Hukumu ya kifiqhi ya fedha iliyokwisha kuingia katika tangi tunaiacha kwa wanazuoni. Lakini kwa haya yetu tulichangishana mifukoni mwetu shilingi 200,000, tukampelekea yule mama. Hatukumwambia kwamba ni msaada. Tulimwambia kwamba ni deni la swali ambalo hatukuuliza. Kuanzia sasa mchango mkubwa na wa ghafla utaulizwa kwa upole, faraghani, kabla ya mikono kuinuliwa.

Pili, kijana amekubali masharti aliyoyataka mwenyewe. Mapato yake hupokewa na mkewe. Namba yake ya simu aliyochezea ameifunga. Jioni za mwisho wa wiki, ambazo ndizo zilizokuwa zikimshinda, hufuatana na ndugu mmoja wetu baada ya Magharibi mpaka Isha. Anashona kwa cherehani cha kuazima. Mara mbili tangu hapo ametuambia kwamba hamu ilimjia sana, nasi tunamshukuru kwa kusema kuliko tungemshukuru kwa kunyamaza.

Tatu, mwenye jambo kama lake na aje. Hatutamtaja mimbarini wala hatutamwekea kikao cha aibu. Aje na simu yake tu, tutajumlisha pamoja naye, kwa maana tumeona kwamba jumla ile peke yake humzindua mtu. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hata mwenye kumwalika mwenziwe wacheze kamari basi atoe sadaka kuwa kafara ya neno hilo. Ikiwa mwaliko tu una uzito huo, sembuse kucheza. Na ikiwa una dawa hiyo, basi mlango wa toba haujafungwa kwa yeyote.

Nanyi akina mama na vijana, msiseme, "Si yangu, ni ya fulani." Ulizeni mapema. Swali la mapema huuma kidogo, lakini lile tuliloulizwa sisi mkekani liliuma zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, hata ikiwa ndogo, aitie baraka, awarudishe ndugu zetu waliotekwa, na atupe sisi wazee ujasiri wa kuuliza kabla ya kupokea. Amina.

Wa akhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.